Sahani ya Misikhu na Kauri za Pwani

Katika nyumba ya nyanya yangu pale Misikhu, kando ya barabara kuu itokayo Webuye na kupanda kwenda Kitale, palikuwa na kabati la mvule lenye milango ya vioo, na katika rafu yake ya juu, peke yake bila ya mwenzi, ilisimamishwa sahani moja ya rangi ya samawati ambayo, tangu nilipopata akili hata alipofariki mwenyewe, sikumwona mtu yeyote akiilia chakula. Wageni wa posa walikuja, wakapakuliwa katika sahani za bati. Padri alikuja, akanyweshwa chai katika kikombe cha udongo cha kila siku. Na ile sahani ilibaki mahali pake ikitazamwa. Mara moja kwa mwaka, mkesha wa Krismasi, kukhu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, aliishusha kwa mikono miwili, akaiosha kwa maji ya uvuguvugu, akaipangusa kwa kitambaa alichokitenga kwa kazi hiyo tu, akairudisha. Hakumwachia binti wala mjukuu. Mimi niliruhusiwa kuishika kwa sharti kwamba niketi kwanza sakafuni juu ya mkeka, ili ikiniponyoka isianguke kutoka mbali.

Nimeishika tena mwaka huu, na mara hii niliitazama kwa jicho la mtu aliyekwisha kusoma kidogo habari za vyombo. Upana wake ni shibiri moja na ziada. Katikati umechorwa mti wa majani marefu yaliyoinama kama nywele zilizolowa, na daraja fupi lenye watu watatu wafuatanao, na nyumba ya paa lenye pembe zilizopinda kwenda juu, na mashua, na juu ya vyote ndege wawili wanaelekeana hewani. Ukingoni imemeguka kadiri ya ukucha wa kidole cha mwisho, na pale palipomeguka mwili wake waonekana mweupe, mkavu, usiong'aa, mithili ya chaki. Na alama hiyo yatosha kumjulisha mwenye ujuzi kwamba hii si kauri halisi, kwa maana kauri halisi ikivunjika huonyesha ndani yake mng'ao kama wa kioo, na ile iliyo nyembamba ukiiinua mbele ya taa huona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Nyuma yake, chini ya utando wa kioo unaoifunika, pamepigwa chapa iliyofifia ambayo neno moja tu lasomeka: England.

Neno hilo moja ni tarehe. Mwaka 1890 Marekani ilitunga sheria ya ushuru iliyotaka bidhaa zote za kigeni ziandikwe jina la nchi zilikotengenezwa, na ilipoanza kutumika mwaka 1891 wafinyanzi wa Uingereza, ambao Marekani ilikuwa soko lao kubwa, wakaanza kupiga jina la nchi yao nyuma ya vyombo. Kisha katika karne ya 20 ikazoeleka kuandika kwa urefu zaidi kwamba chombo kimetengenezwa huko. Kwa hiyo sahani ya kukhu haiwezi kuwa imetangulia sana mwaka 1891, na yaelekea haikuchelewa sana baada yake.

Ama namna ilivyofika Misikhu, habari yake ni fupi na ni ya majumba mengi ya kwetu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya kikoloni iliwagawia askari wa Kizungu waliostaafu mashamba katika Trans Nzoia. Mwaka 1926 reli ikafika Kitale, na pamoja na majembe ya kukokotwa na mapipa ya mafuta yakaja makasha ya vyombo vya mezani vilivyofungwa katika majani makavu. Babu yangu alikuwa mpishi katika shamba mojawapo. Uhuru ulipowadia, na mashamba yakawa yananunuliwa ili wananchi wapewe makao, bwana shamba alitandaza mali yake juu ya nyasi mbele ya nyumba akaiuza kitu kimoja kimoja. Na ile sahani, kwa kuwa wenzake wote walikwisha kuvunjika na sahani moja isiyo na wenzake haikupata mnunuzi, akapewa mpishi aliyekuwa ameiosha kwa miaka mingi. Babu akaileta nyumbani amefunga katika aproni yake. Kukhu akaitafutia mahali pa juu.

Kukhu hakupata kuiona bahari. Walakini alilolitenda, yaani kuinyima sahani chakula ili aipe ukuta na macho ya watu, ndilo walilolitenda mabibi wa Pate na Lamu, na waashi wa Gedi na Kilwa, mamia ya miaka kabla ya kuzaliwa kwake. Na mimi naamini kwamba mtu hawezi kuelewa kauri za pwani yetu, wala kuzithamini kwa haki, mpaka akubali kwamba chombo hicho aghalabu kililetwa kije kisimame mahali pake, na kwamba mahali pale ni nusu ya chombo chenyewe.

Lugha yetu yatupa njia ya kuingilia. Kauri ni jina la yule konokono wa baharini, aitwaye pia simbi, mwenye gamba laini linalong'aa, ambaye magamba yake yalikuwa fedha katika nchi nyingi za Afrika, hata jirani zetu Waganda mpaka leo fedha huziita ensimbi, ambalo ndilo jina la simbi hizo. Na kauri, kwa neno lile lile, ni ule udongo mweupe wa Kichina. Ajabu ni kwamba Wataliani nao, wakiwa mbali na wasiotujua, walifanya vivyo hivyo, wakakiita chombo cha Kichina kwa jina la simbi, porcellana, na kutoka kwao mataifa ya Ulaya yakapata neno lao. Pale Gedi, mji uliohamwa karibu na Malindi, ambao James Kirkman aliufukua kuanzia mwaka 1948, nyumba zilipewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake. Na katika mtaa ule wa magofu mna nyumba iitwayo kwa ajili ya simbi na nyingine iitwayo kwa ajili ya bakuli la Kichina, hata msemaji wa Kiswahili angeweza kuziita zote mbili Nyumba ya Kauri asikosee.

Biashara yenyewe ni ya kale kuliko wengi wanavyodhani. Huko Shanga katika kisiwa cha Pate, na Manda ng'ambo ya Lamu, vigae vya vyombo vya Kichina vimepatikana katika tabaka za ardhi za karne ya 9, zama za makhalifa wa Baghdad. Haikuwa lazima Mchina aje mwenyewe. Bidhaa ilipita mkono kwa mkono, kutoka bandari za China hadi India, na kutoka India hadi Ghuba, ambako mji wa Siraf ulikuwa ghala kubwa la tunu za Mashariki; kisha kaskazi ilipovuma majahazi yakashuka nayo mpaka kwetu, na kusi ilipogeuka yakarudi na pembe, boriti na ambari. Wafinyanzi wa Iraki walivutiwa mno na weupe wa vyombo vile, hata kwa kuwa hawakuwa na udongo wa namna ile walifunika udongo wao wa manjano kwa utando mweupe ili ufanane nao, na vyombo hivyo vya kuiga pia vilifika pwani yetu. Kuiga kauri, basi, si jambo lililoanza Uingereza. Na nitairudia habari hiyo.

Katika karne za 13, 14 na 15 kilichosifika zaidi ni kile chombo cha kijani kibichi cha Longquan, chenye rangi kama ya maji ya bahari yaliyotulia juu ya mchanga, ambacho katika nchi nyingi za Mashariki watu waliamini kwamba hupasuka au hugeuka rangi kikitiwa sumu. Baada yake kikatamalaki kile cheupe chenye michoro ya samawati, kilichotoka Jingdezhen. Na ile samawati, ambayo leo twaiona kuwa ni Uchina wenyewe, mwanzoni ilitokana na madini yaliyochimbwa Uajemi na kupelekwa China kwa biashara. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpeleka twiga kwa mfalme wa China, na merikebu za amiri Zheng He zilifika pwani hii katika safari zake zilizofanyika kati ya 1405 na 1433. Mambo hayo yametangazwa sana siku hizi, na ni ya kweli. Lakini mimi sipendi yafunike ukweli mwingine ulio mkubwa zaidi, kwamba kwa kila merikebu moja ya Zheng He yalikuwako majahazi mengi yasiyo na majina, ya Wahindi, Waarabu, Waajemi na Waswahili, yaliyoleta bakuli mbilimbili na kumikumi kwa muda wa miaka zaidi ya 500 kabla yake na baada yake.

Na sasa tazama walivyozitumia. Katika Msikiti Mkuu wa Gedi bakuli za kauri zilitiwa katika mihrabu, mahali patukufu kupita pote katika nyumba ile. Kilwa Kisiwani, katika ule msikiti mdogo wa kuba, bakuli zenye utando wa kioo ziligandamizwa katika dari za kuba, ili mwenye kusali akiinua uso aone duara zinazometa juu yake. Huko Mambrui, na Kunduchi kaskazini ya Dar es Salaam, na mahali pengi kati yake, makaburi ya watu wenye cheo yalijengewa nguzo ndefu za mawe, na katika ubavu wa nguzo zikapachikwa sahani na bakuli zikitazama nje.

Kazi hiyo ilikuwa na ufundi wake. Mwashi alichoma matumbawe, akapata chokaa, akaiumua kwa maji. Kisha kabla ya lipu kukauka alikibonyeza chombo mpaka kikakaa, uso wake ukiwa sawa na ukuta au umezama kidogo, akakizungushia lipu laini pembeni kwa kidole ili maji ya mvua yasipate mwanya. Chombo kikishakauka humo hakitoki ila kwa kuvunjwa au kwa kuvunja ukuta. Mwenye mali, basi, alijua vema analolifanya: alichukua bakuli lililovuka bahari mbili, ambalo angeweza kuliuza, kulirithisha au kumtunza mfalme, akaliondoa katika mzunguko wa biashara milele, akampa maiti. Wako wasemao kwamba lengo lilikuwa kuzuia husuda, kwa kuwa jicho baya likitua juu ya kitu kinachong'aa hurudi kwa mwenyewe; wako wasemao ni fakhari ya ukoo tu. Mimi naona kuna jambo jingine pia, ambalo aliyepata kusimama pale jioni atalikubali. Jua linapoelekea kuzama, na jiwe la matumbawe limekwisha kuwa jeusi kwa mvua za miaka mingi, sahani ile bado hushika mwanga baada ya ukuta wote kuupoteza. Jina lililochongwa halisomeki tena, na nguzo bado yaonekana kwa mbali.

Majumbani nako kauri ilikuwa na makao yake maalumu. Nyumba ya jiwe ya Lamu, ya namna iliyojengwa katika karne ya 18, hupangwa kwa daraja za sitara: ukitoka barabarani wapita katika daka na tekani, waingia kiwanda chenye anga wazi, kisha msana wa tini, kisha msana wa yuu, na nyuma ya yote ni ndani, chumba cha mama wa nyumba, ambamo watoto walizaliwa na maiti waliandaliwa. Ukuta wa ndani ndio uliobeba zidaka, yaani vile vishubaka vya lipu iliyochongwa, safu juu ya safu, vikiwa vimepangwa kwa ulinganifu ambao wale waliozoea kunyoosha mistari kwa mashine hawauwezi. Katika zidaka ziliwekwa sahani, bakuli, chupa, pengine na msahafu. Na kwa kuwa milango ya vyumba hukabiliana, mtu aliyeketi kiwandani aliweza kuona kwa mbali, ndani ya kiza cha chumba cha mwisho, weupe wa kauri. Mgeni hakuingia huko. Aliona tu kwamba kuko.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi akililia kuanguka kwa Pate, miongoni mwa alama alizozichagua kuonyesha uharibifu wa majumba yale ni madaka ya sahani yaliyogeuka kuwa malazi ya makinda ya ndege. Malenga huyo angeweza kuchagua dhahabu au farasi. Kwa kuchagua madaka alijua kwamba msikilizaji wake, akimtajia kidaka kitupu, ameelewa kwamba mama wa nyumba hayupo, na mama wa nyumba asipokuwapo nyumba imekufa. Unguja nako mambo yalikuwa hayo hayo kwa sura ya karne ya 19: Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844 na kujulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 ameeleza vyumba vya jamaa zake vilivyokuwa na mashubaka yaliyojaa vyombo vya kauri na vya kioo kama pambo kuu.

Yupo atakayeuliza: hakuna kauri iliyofanya kazi? Ipo. Finjani za kahawa zilifanya kazi kila siku, na mrashi na chetezo, ijapokuwa si vya udongo, vilikaa nazo katika sinia moja wakati wa kukirimu wageni. Na ipo kazi moja ambayo naiona kuwa ya heshima kupita zote. Mtu akiugua, mwalimu huandika aya za Kurani kwa wino wa zafarani ndani ya sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa maji au marashi, na mgonjwa akayanywa; dawa hiyo huitwa kombe, na kombe ni jina la sahani yenyewe kubwa. Weupe wa sahani ulitakiwa ili herufi zionekane wazi, na ulaini wake ulitakiwa ili zafarani yote itoke isibaki hata nukta. Mfinyanzi wa mbali hakujua kwamba chombo chake kitatumika hivyo.

Karne ya 19 ilileta geuko. Sultani wa Unguja alifunga mapatano ya biashara na Marekani mwaka 1833, na Uingereza mwaka 1839, na Ufaransa mwaka 1844, na pamoja na merikani na bunduki vikaja vyombo vya viwandani vya Ulaya: sahani za Staffordshire huko Uingereza, na bakuli za Maastricht huko Uholanzi, ambako kiwanda cha Petrus Regout kilijua kabisa soko lake la Mashariki kilipopaka maua makubwa ya rangi nyekundu, kijani na samawati. Watu wa pwani walizipokea, na hawakubadili desturi; walitoboa tundu katika kile kiduara kilicho chini ya sahani, wakapitisha uzi, wakaitundika ukutani. Wapo wataalamu wa mambo ya kale ambao walizidharau sahani hizi kwa kuwa ni rahisi na za juzi, wakazipita wakitafuta za Kichina za zama za Ming. Naona walikosea. Sahani ya Maastricht iliyotobolewa tundu na mwanamke wa Lamu imekwisha kuwa chombo cha Lamu, na tundu lile ni maandishi yake.

Na hapa ndipo niirudie sahani ya Misikhu. Mchoro wake watu huudhani kuwa wa Kichina, na haukutoka China. Wachoraji wa Staffordshire na jirani zake, mwishoni mwa karne ya 18, waliona vyombo vya samawati vya Kichina vinavyonunuliwa kwa bei ghali, wakachukua mti huku na daraja kule, wakaviunganisha, wakatumia namna ya kuhamisha mchoro kwa karatasi kutoka katika bamba la shaba hadi juu ya udongo, ili sahani 100 zifanane bila ya kuchorwa kwa mkono. Kisa cha wapendanao wawili waliogeuka ndege, ambacho wauzaji walikisimulia kana kwamba ni hekaya ya kale ya China, kilitungwa Uingereza baada ya sahani kuwa zimekwisha kuuzwa miaka mingi. Mfinyanzi wa Iraki aliiga China, na mfinyanzi wa Uingereza akaiga China, na vyombo vyote viwili vikafika Afrika ya Mashariki, kimoja kwa jahazi na kimoja kwa reli, vikapewa heshima ile ile.

Kwa nini basi kauri ya pwani haikupanda yenyewe hadi kwetu? Njia ilikuwapo. Misafara ya Waswahili ilifika Mumias katika karne ya 19, na msafiri Joseph Thomson alipofika huko mwaka 1883 aliwakuta wenyeji wamekwisha kuwazoea wafanyabiashara wa pwani. Lakini mpagazi alibeba mzigo kichwani kwa miezi, na kilichostahili mabega yake kilikuwa ushanga, nyaya na nguo, vitu visivyovunjika na vilivyokuwa na wateja njia nzima. Bakuli lingevunjika lisingekuwa na bei, na lisipovunjika lisingepata mnunuzi. Kwetu chombo cha heshima kilikuwa chungu kikubwa cha pombe, ambacho wazee walikizunguka wakinywa kwa mirija mirefu, na heshima yake ilikuwa katika kushirikiwa.

Elimu ya kusoma vigae ndiyo iliyoipa pwani tarehe zake. Ukuta wa matumbawe hausemi umri wake, lakini kigae cha kauri kilicholala chini ya msingi wake husema, kwa kuwa Wachina waliandika na kuhifadhi habari za tanuri zao, na mtindo wa kila zama wajulikana. Mwanaakiolojia Mortimer Wheeler alipozuru Tanganyika mwaka 1955 alikiri kwamba hajapata kuona vigae vya Kichina kwa wingi ule alioukuta kati ya Dar es Salaam na Kilwa. Na Neville Chittick akaja kuichimba Kilwa na Manda na kulijenga juu ya vigae hivyo jengo kubwa la tarehe. Mwaka 2013, huko Manda, msafara ulioongozwa na Chapurukha Kusimba, jina ambalo msomaji wa kwetu Bungoma hahitaji kufasiriwa, uliokota sarafu ya China ya zama za mfalme Yongle, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 15. Sharti la elimu hii ni moja: kigae kiwe kimepatikana mahali pake. Kikishang'olewa, mtaalamu aweza kusema kimetengenezwa lini. Hawezi tena kusema nani alikipenda.

Hilo ndilo lililonitia uchungu nilipokwenda kutazama makaburi ya nguzo. Mahali pengi penye duara katika lipu sahani haimo. Pamebaki shimo la mviringo, na ndani yake, ukichungulia, waona chokaa imeshika umbo la mgongo wa bakuli kwa usahihi, pamoja na alama ya kile kiduara cha chini, kama vile kitanda kinavyoshika umbo la mtu aliyeamka sasa hivi. Na pembeni mna makovu ya patasi. Bakuli liko katika nyumba ya mtu asiyejua ni la kaburi. Kauri za majumbani nazo zimetoka kwa njia ya upole zaidi, kwa ahadi, kwa shida ya karo, kwa mnunuzi aliyekaribishwa kahawa. Simlaumu mjane aliyeuza. Namlaumu anunuaye bila ya kuuliza.

Na mnunuzi huyo hafiki pwani tu. Mwaka uliopita alipita kwetu mfanyabiashara mmoja akinunua saa za ukutani, cherehani za zamani, redio na vyombo. Akaiona sahani ya kukhu kupitia kioo cha kabati. Akaigeuza, akasoma chapa, akaipiga kwa ukucha asikilize mlio wake, akamtajia shangazi bei. Aliuliza kama kuna nyingine. Hakuuliza ilikuwa ya nani. Shangazi akaichukua mkononi mwake akairudisha rafuni, akamwongezea chai.

Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2006 kuhusu makumbusho na turathi yakihesabu kitu chochote kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895 kuwa ni cha kale, wala hakiruhusiwi kutoka nchini bila ya kibali. Mwaka huo wa 1895 ndipo Waingereza walipotangaza himaya yao, na kwetu ni mwaka wa Chetambe, mlima ulio karibu na Webuye, ambapo Wabukusu walipigana na jeshi lao. Sahani ya kukhu iliingia nchini baada ya hapo, kwa hiyo haimo katika ulinzi wa sheria, na vivyo hivyo vikombe, mabuli, vinara na sanamu ndogo za kauri zilizobaki katika kabati za watu tangu mashamba ya Trans Nzoia yagawanywe. Ulinzi wake ni sisi. Na hatuko mbali na mahali pa kuuliza: Hugh Stoneham, mlowezi aliyekusanya wadudu, vitabu na vyombo vya watu wa huku, alianzisha makumbusho yake karibu na Kitale mwaka 1926, mwaka ule ule wa reli, alipofariki mwaka 1966 aliyaachia taifa, na jengo jipya likafunguliwa Kitale mwaka 1974, likiwa makumbusho ya kwanza ya bara nje ya Nairobi.

Basi wewe uliye Misikhu, au Lugulu, au Kamukuywa, au Kiminini, ambaye nyumbani kwenu mna chombo kimoja kisicholiwa, keti sakafuni ukigeuze. Kama kuna neno, linakili. Muulize aliye mkubwa kuliko wote nyumbani kilitoka shamba gani, nani alikileta, na kwa nini kiliwekwa juu. Yaandike majibu kwa kalamu ya risasi, kwa maana wino hufifia, uyaache pamoja na chombo. Ya kukhu nimeyaandika. Karatasi imekunjwa mara mbili, ina jina la babu, jina la shamba na mwaka aliotoka nayo, nayo imesimama nyuma ya sahani katika rafu ya juu.